'Ndia Kuu' si kosa la tahajia

Nilikuwa mwalimu mwanafunzi, nikifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili kisiwani Mombasa, nilipoitumia kalamu nyekundu kwa namna ambayo hadi leo inanitia haya. Kijana wa kidato cha pili alikuwa ameandika insha kuhusu safari yake ya asubuhi kutoka kwao Kibokoni hadi shuleni. Ilikuwa insha yenye uhai, iliyonukia mahamri na maji ya chumvi. Lakini kila alipoandika "ndia" nilipiga mstari nikaandika juu yake "njia". Alipoandika "mato" nilimsahihishia "macho". Mwishoni nilimkata alama mbili na kumwachia nasaha ya maneno matatu: "Zingatia Kiswahili sanifu."

Siku ya kurudisha madaftari, kijana yule alikuja mezani kwangu kwa adabu zote.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Mbona kibao cha barabara kimeandikwa Ndia Kuu? Nacho kimekosea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mtu wa bara, mzaliwa wa Bungoma, niliyekijua Kiswahili kwa vitabu na redio, na hiyo ilikuwa wiki yangu ya tatu Mombasa. Nilimwambia kwamba majina ya mahali hayafuati kanuni za sarufi, jibu ambalo mwanaisimu yeyote angelicheka. Jioni ile nilikwenda kukitazama kibao chenyewe. Tangu hapo nimesoma isimu hadi shahada ya uzamifu, na sasa naifundisha chuoni, lakini somo la kwanza nililipata pale chini ya kibao.

Kwa msomaji asiyepajua mahali hapo, Ndia Kuu ni barabara nyembamba inayoanzia karibu na Ngome ya Yesu, mahali wenyeji wapaitapo Ngomeni, na kuingia ndani ya Mji wa Kale. Mji huo umekaa upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, ukingoni mwa mkono wa bahari unaokitenga kisiwa na Nyali na Kisauni. Nyumba zimebanana kiasi kwamba jua la saa sita ndilo pekee liwezalo kufika chini ya vichochoro. Juu kuna roshani za mbao zilizonakshiwa, chini kuna baraza za mawe, na baina ya roshani na baraza kuna mazungumzo yasiyokatika tangu alfajiri hadi usiku. Mitaa ina majina yanayojieleza yenyewe kwa mwenye masikio. Forodhani ni mahali pa forodha, palipotozwa ushuru wa shehena. Mjua Kale ni "Mji wa Kale" lililofupishwa midomoni mwa watu. Nayo Ndia Kuu ni njia kuu, katika Kimvita, lahaja ya watu wa kisiwa hiki.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mji wa Kale husifiwa kwa mawe yake. Wapo wanaoupiga picha, wapo wanaouhesabia miaka, na serikali ilikwisha kuutangaza kuwa eneo la hifadhi. Mimi nasema kwamba kilicho kikongwe na cha thamani zaidi pale ni usemi, na kwamba sisi walimu, kwa nia njema kabisa, tumekuwa tukiubomoa usemi huo hata kabla ya wajenzi wa magorofa kuzifikia nyumba.

Tutazame kwanza umri wa mawe yenyewe. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta misikiti iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa, na penye milango ya misikiti hiyo visima vifupi vya maji, ambapo watu, waliokuwa wakitembea bila viatu, walinawa miguu kabla ya kuingia. Misikiti hiyo ya mbao haiko tena. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wake mnene unaochongoka kuelekea juu, huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Ama nyumba za roshani ambazo wageni hudhani ni za zama za Ibn Battuta, nyingi mno ni za karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mafundi kutoka Bara Hindi waliacha mkono wao katika nakshi zake. Kwa hiyo mzee wa miaka 80 anayekaa barazani akisema "ndoo" badala ya "njoo" huenda anatumia kitu kikongwe kuliko nyumba iliyo nyuma yake.

Mji huu umechomwa na kujengwa upya mara nyingi. Wareno waliuteketeza mwaka 1505, na hiyo haikuwa mara ya mwisho. Waomani waliizingira Ngome tangu 1696 wakaitwaa 1698. Akina Mazrui wakatawala, hata Seyyid Said alipowang'oa mwaka 1837. Mwingereza akaja akaifanya Ngome jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kila utawala ulipoondoka uliacha maneno. Neno letu "gereza" linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza iwapo Wareno walikuwa na dhihaka kiasi hicho. La hasha. Wareno waliondoka na kanisa lao, jengo likabaki, neno likabaki, na matumizi ya jengo yakalibadilisha neno. Sijui mfano bora zaidi wa kumfundishia mtoto kwamba maana za maneno huhama.

Lakini watawala ni wachache. Waliousemesha mji huu ni mabaharia na majirani. Kabla ya bandari ya Kilindini, maisha yote ya kisiwa yalitazama upande huu wa Bandari ya Kale. Majahazi yalikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakileta tende, mazulia na vyombo vya udongo. Yalirejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko na bidhaa za bara. Baharia aliyefika mapema hakuweza kuondoka mpaka upepo ugeuke. Hebu fikiri maana ya jambo hilo kwa lugha: maelfu ya wageni wanaolazimika kukaa kwa miezi, kununua, kukopa, kuoa, kugombana na kupatana, yote katika mitaa ambayo unaweza kuizunguka kwa miguu kabla kahawa haijapoa. Nahodha, shehena, bandari, forodha, rubani, maneno hayo hayakuletwa na kamati.

Kuhusu majirani, wenyeji wa asili hujipanga katika Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Tisa Taifa ndani yake mna Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza na wengineo, nao Thelatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Ukiyasoma majina hayo polepole unaiona ramani ya pwani. Watu wa miji iliyodhoofika au kuvunjwa walikimbilia kisiwani wakaja na jina la kwao na matamshi ya kwao. Juu yao wakaja Wahadhrami, Waomani, Wabaluchi waliokuwa askari, Wabohora wa biashara, na Wabhadala kutoka Kachi, ambao ni watu wa bahari baba na mwana. Wote hao walilazimika kuelewana kisimani na forodhani. Kilichotokea ndicho Kimvita.

Kwa masikio ya mtu wa bara Kimvita huonekana kama Kiswahili chenye makosa ya hapa na pale. Kumbe makosa hayo yana utaratibu kama jeshi. Penye "ch" ya sanifu, mara nyingi Kimvita kina "t": mchele ni mtele, kucheka ni kuteka, nchi ni nti, machozi ni matozi. Penye "nj" kuna "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Msemaji hutenganisha "t" ya meno na "t" ya ufizi, tofauti ambayo tahajia yetu imeifuta kabisa. Hutenganisha pia kaa wa baharini na kaa la moto kwa pumzi tu, kwani la kwanza hutamkwa kwa mpumuo na la pili bila mpumuo. Nilipoanza kufundisha fonolojia chuoni, nilihitaji wiki mbili kuwaeleza wanafunzi mpumuo ni nini. Mwuza samaki wa Mji wa Kale angewaeleza kwa dakika moja, bila kujua kwamba anafundisha fonolojia.

Wala hii si lugha ya soko tupu. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa hadi takriban mwaka 1840, alilitoa shairi katika maudhui ya dini pekee akalitia katika siasa, mapenzi, njaa na kejeli, na kila ubeti wake una ladha ya Kimvita. Mwalimu Sikujua alizihifadhi tungo hizo na kumpa msaada mkubwa William Taylor, mmisionari aliyekusanya methali za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1891. Johann Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza Kiswahili cha hapa na kukiandikia kamusi. Karne iliyofuata Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa diwani yake, Malenga wa Mvita, mwaka 1971, na Abdilatif Abdalla akaandika gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, iliyotoka 1973. Hawa wote tunawafundisha. Twawaambia wanafunzi wachambue "idhini ya mshairi" katika tungo zao, na mara nyingi kile tunachokiita idhini ya mshairi si idhini yoyote: mshairi anasema kama mama yake alivyosema.

Sasa tuje kwenye mwaka 1928. Wajumbe wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana ili kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Walichagua Kiunguja. Mkutano huo ulifanyika wapi? Mombasa! Naam, Kimvita kilivuliwa joho nyumbani kwake mwenyewe, na kamati ya kusimamia usanifishaji ikaundwa mwaka 1930.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Uamuzi wa kuwa na Kiswahili kimoja cha maandishi ulikuwa na faida, na mimi mwenyewe ni tunda lake. Mtoto wa Bungoma na mtoto wa Songea wasingesoma kitabu kimoja bila uamuzi huo. Mwalimu anayetayarisha watahiniwa wa mtihani wa kitaifa hana nafasi ya kumwambia kila mmoja aandike kama nyanya yake asemavyo. Hayo nayakubali. Ninachokipinga ni hatua iliyofuata, ambayo hakuna kamati iliyoiamuru na ambayo tuliichukua sisi wenyewe madarasani, yaani kuiona lahaja kuwa ni kosa. Kosa ni kuandika "njiya" kwa kutojua. "Ndia" si kosa. Ni neno kamili la lahaja kamili, lililotumiwa mahali pasipotakiwa. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mtoto ni kubwa kama tofauti ya kuambiwa "vaa sare ya shule" na kuambiwa "mama yako hajui kuvaa".

La kushangaza ni kwamba tunapokwama kwa istilahi tunarudi kuomba kule kule. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi kufariki mwaka 2017, aliyachimba maneno katika lahaja za kaskazini na kutupa, miongoni mwa mengine, neno "runinga". Leo liko katika vitabu vya shule na magazetini. Mwanafunzi anayeliandika hakatwi alama. Anayeandika "ndia" anakatwa.

Huku tukibishana kuhusu tahajia, mtaa wenyewe unahama. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na meli za mvuke zilipohitaji kilindi cha maji kuliko ufuo wa jahazi, biashara ilivukia upande wa pili wa kisiwa, hadi magati ya kina kirefu ya Kilindini yakafunguliwa mwaka 1926. Mji wa Kale ulipoteza bandari lakini ukabaki na watu wake. Hili la sasa ni tofauti, kwa sababu wanaoondoka ni watu.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikimzuru mzee mmoja wa Kuze. Kila nilipotokea kwenye kona alinipokea kwa maneno yale yale, "Ndoo ukae kitako," kabla hata sijamaliza salamu. Babake alikuwa baharia. Nyumba ilikuwa ya babu, na kwa mirathi ikawa ya watu kumi na mmoja. Wengine wako Kisauni, wengine Bamburi, mmoja Ghuba. Paa lilivuja. Fundi wa chokaa alipatikana kwa tabu, boriti ni ghali, na saruji iliyopakwa juu ya mawe ya matumbawe ilizidi kuyaozesha badala ya kuyaponya. Warithi waliafikiana kuuza. Nilipokwenda mwaka jana, baraza haikuwapo. Palikuwa na mabati ya kuzungushia ujenzi na mchanga uliomwagwa hadi mlangoni mwa jirani. Mzee amehamia kwa bintiye Kisauni. Nilimfuata huko. Alinipokea vizuri mno, lakini barazani mwa gorofa ya tatu hapapiti mtu. Wajukuu wake walimwita kula, mmoja akasema, "Babu, njoo." Yeye akainuka akaenda.

Siwalaumu warithi. Ni rahisi kwa mwalimu wa chuo kikuu, anayelala Nairobi, kumtaka mtu avumilie paa linalovuja kwa ajili ya historia. Anayetaka nyumba hizi zibaki sharti aseme nani atalipa chokaa. Kutangaza eneo kuwa la hifadhi na kumwachia mjane gharama ya kuhifadhi ni kumbebesha mzigo na kumpongeza kwa kuubeba. Kaunti na serikali ya kitaifa zina uwezo wa kumpunguzia mwenye nyumba ya kale ada na kodi, na kuwalipia vijana mafunzo ya uashi wa chokaa na uchongaji, kazi ambazo pia zingewatoa baadhi yao katika makucha ya dawa za kulevya zilizoitesa mitaa hii. Hilo nawaachia wenye mamlaka, kwani si uwanja wangu.

Uwanja wangu ni darasa. Kila mwaka mabasi ya shule hushuka kutoka bara na kuegesha mbele ya Ngome ya Yesu, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wanafunzi huonyeshwa mizinga, huandika tarehe, hununua njugu, kisha basi huelekea ufuoni. Ndia Kuu iko hatua chache tu kutoka hapo walipoegesha, na hakuna anayewapeleka. Wanarudi Kakamega na Nyeri wakijua mengi kuhusu Mreno na wakiwa hawajamsikia Mmvita akizungumza hata kidogo.

Mwalimu mwenzangu, ukija na wanafunzi wako, wape saa mbili zaidi. Omba ruhusa kwa wenyeji kwanza, kwani mtaa si makumbusho, na watu hawapendi kutazamwa kama mizinga. Tafuta mzee mmoja na mama mmoja walio tayari kuzungumza. Waache wanafunzi wanunue viazi karai na wasikilize wauzaji wakibishana. Kila mmoja arudi na maneno kumi aliyoyasikia, pamoja na maana zake, na jina la mahali alipoyasikia. Mada ya isimujamii imo katika mafunzo ya shule za upili; wanafunzi hukariri maana ya lahaja na hawajapata kuisikia moja ikisemwa na mwenyewe.

Nanyi mnaofundisha hapo hapo Mombasa, kazi yenu ni nyepesi na nzito kuliko yetu. Mtoto akiandika "mtele", msifute. Andikeni pembeni: "Kimvita. Sanifu: mchele." Ni wino ule ule. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka dola kukuza na kulinda anuwai ya lugha za watu wa Kenya, na sioni ni kwa nini ulinzi huo uishie nje ya mlango wa darasa. Ukifika mtihani, mtoto atakuwa anajua nguo zote mbili na pa kuvalia kila moja.

Yule kijana wa Kibokoni sasa lazima awe mtu mzima, pengine mwenye watoto shuleni. Nilipomaliza mazoezi yangu ya ualimu niliondoka bila kumwambia kwamba kibao hakikukosea, na kwamba yeye pia hakukosea. Bado namdai radhi, na yeye ananidai alama mbili.